Je, Wajua? Siku Kumi za Miji na Fukwe Brazil

Mwenye likizo ya siku kumi na hamu ya kuiona Brazil huponzwa na ramani. Kwenye karatasi Rio de Janeiro na Salvador zimekaa jirani kama Posta na Kariakoo za Dar es Salaam, na Amazonia iko hapo juu tu, kana kwamba unapanda daladala moja. Nchi hiyo ina kilomita za mraba milioni 8.5, karibu Tanzania tisa zikipangwa pamoja, na pwani yake inapita kilomita 7,000. Basi aiache Amazonia. Ayaache na maporomoko ya Iguaçu. Hata Brasília, mji mkuu tangu 1960, auache bila kinyongo, maana hauna bahari. Miji mitatu inatosha: São Paulo kwa kuwa ndege ya kutoka Addis Ababa inatua huko, Rio kwa kuwa ukirudi bila kuiona watu watakusema, na Salvador, ambayo kwa msomaji wa Kiswahili ndiyo yenye utamu wenyewe.

Je, wajua kwamba saa ya Kiswahili ndiyo saa ya Brazil?

Miji hiyo mitatu iko nyuma ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kwa saa sita kamili. Na Mswahili, tangu enzi, huanza kuhesabu saa zake jua linapochomoza, kwa hiyo kinywa chake na mshale wa saa yake hupishana kwa saa sita hizo hizo. Jumlisha uone. Mama akiwa Tanga akasema ni saa tisa alasiri, saa ya ukutani katika hoteli ya Copacabana inaonyesha 9 ya asubuhi. Mombasa ikiwa saa nne usiku, Rio saa inaonyesha 4 na jua bado lipo. Anayetaka kujua nyumbani ni saa ngapi hahitaji programu yoyote ya simu: aitazame saa ya Brazil, asome tarakimu anayoiona, aitamke kwa Kiswahili. Zamani sehemu za kusini za nchi zilikuwa zikisogeza saa mbele wakati wa joto na kuvuruga hesabu hii, lakini desturi hiyo ilifutwa mwaka 2019.

Je, wajua kwamba São Paulo iling'oa mabango yake?

Huu ni mji wa watu zaidi ya milioni 11, na juu ya mapaa yake huoni bango la soda wala la simu. Sheria iitwayo Cidade Limpa, yaani Mji Safi, ilianza kutumika Januari 2007, na mabango makubwa ya biashara yakashushwa mji mzima. Matangazo yamebaki sehemu chache, kama vituo vya basi na saa za barabarani. Kuta zilizoachwa tupu zimewafaa sana wachoraji.

Ukiweza, panga São Paulo iangukie Jumapili. Siku hiyo Avenida Paulista hufungiwa magari, na watu hujaa barabarani na baiskeli, ngoma na vitoto vyao. Hapo katikati limesimama jumba la sanaa la MASP la mwaka 1968, kazi ya Lina Bo Bardi, lililonyanyuliwa juu ya nguzo nne na kuacha chini yake uwazi wa mita 74 usio na nguzo hata moja. Mtaa wa Liberdade nao una taa za Kijapani njia nzima: meli Kasato Maru ilileta wahamiaji wa kwanza wa Kijapani mwaka 1908, na leo hakuna nchi nje ya Japani yenye watu wengi wa asili hiyo kuliko Brazil.

Je, wajua kwamba kuna pwani ambapo maghorofa yameinama?

Kasato Maru ilitia nanga Santos, bandari iliyo kilomita zipatazo 70 kutoka São Paulo, chini ya mteremko mkali wa milima ya Serra do Mar. Mbele ya ufukwe wake yamepangana maghorofa ya makazi, na baadhi yameegemea upande waziwazi, kama mtu anayemnong'oneza jirani. Waliojenga katikati ya karne iliyopita waliweka misingi mifupi juu ya mchanga, na chini ya mchanga kuna tabaka nene la udongo laini wa bahari. Ghorofa likilemea, udongo unabonyea. Watu wanaishi humo hadi leo. Pelé aling'ara akiwa na klabu ya mji huu, na kati ya barabara na mchanga kuna bustani ya zaidi ya kilomita tano. Kwa siku moja ya bahari bila kupanda ndege nyingine, Santos inafaa. Maji yake lakini si ya kujisifia.

Je, wajua kwamba hakuna treni ya abiria kati ya São Paulo na Rio?

Miji miwili mikubwa kuliko yote nchini, na njia ni basi la saa sita hivi au ndege ya chini ya saa moja. Ndege za uwanja wa Congonhas kwenda uwanja wa Santos Dumont huondoka mfululizo mchana kutwa, na uwanja huo wa pili uko Rio kwenyewe, maji karibu pande zote, hatua chache kutoka katikati ya mji.

Je, wajua kwamba "Mto wa Januari" si mto?

Ndiyo maana ya Rio de Janeiro. Inasimuliwa kwamba Wareno waliingia ghuba ya Guanabara Januari 1502 wakadhani ni mdomo wa mto. Jina likabaki. Copacabana nayo imeazimwa kutoka mbali zaidi: ni mji wa Bolivia ulio kando ya ziwa Titicaca, wenye sanamu ya Bikira Maria inayoheshimiwa sana. Kanisa dogo la Bikira huyo lilijengwa kwenye mwamba wa Rio, na ufukwe ukachukua jina la kanisa. Ipanema ni neno la Watupi, wenyeji wa kale wa pwani hiyo, na maana yake ni maji mabaya. Usimwambie aliyelipia chumba huko.

Je, wajua kwamba treni ilifika juu kabla ya Yesu?

Sanamu ya Cristo Redentor ilizinduliwa tarehe 12 Oktoba 1931. Ina urefu wa mita 30 bila kitako chake, na mikono yake imenyooshwa mita 28. Lakini treni ya mlima Corcovado ilianza mwaka 1884, na hiyo ndiyo iliyopandisha vifaa vya ujenzi. Ngozi ya sanamu ni vipande vidogo vya jiwe laini, na radi huipiga mara kwa mara. Januari 2014 iliivunja ncha ya kidole gumba. Nenda asubuhi na mapema, ukitazama kwanza mlima ukiwa chini. Wingu likiwa limekaa kileleni, utalipa nauli ya kwenda kuona ukungu.

Na msitu unaoupita treni ikipanda? Umepandwa kwa mikono. Wakulima wa kahawa waliikata miti ya vilima hivyo, vijito vikakauka na mji ukakosa maji. Mwaka 1861 mfalme Pedro II aliagiza msitu urudishwe, na Meja Manuel Archer akaanza kazi hiyo na kikosi kidogo cha watumwa. Kwa miaka kama 13 walipanda miche inayokadiriwa kufikia laki moja. Msitu wa Tijuca unaosifiwa leo kama pori asilia ndani ya mji ni jasho lao.

Je, wajua kwamba taulo ufukweni humtambulisha mgeni?

Mwenyeji wa Rio hutandika canga, kitambaa chepesi chenye michoro, na jina lake masikioni mwetu ni kanga kabisa. Dada zetu watakaobeba za kwao hawatahitaji kununua, na misemo yao itawavutia wengi. Chakula hakibebwi, kinakuja chenyewe: muuzaji wa chai baridi ya mate mwenye mapipa mawili ya bati mabegani, mwenye jibini inayochomwa kwenye kijiti mbele yako juu ya kijungu cha makaa, mwenye madafu. Dafu likiisha maji, mwombe alipasue ule na nyama yake, kama nyumbani.

Anwani za ufukweni ni namba za vituo vya waokoaji, kuanzia Posto 1 pale Leme hadi Posto 12 pale Leblon, na mtu akikwambia "tukutane Posto 9" ameshakuambia pia ni watu wa aina gani utawakuta. Fukwe zote za Brazil kisheria ni mali ya umma. Hakuna hoteli inayoweza kukufukuza mchangani. Nguo za kuogea ni ndogo mno, ila mwanamke kukaa kifua wazi ni kosa ambalo polisi wanaweza kulifuatilia. Jioni, wakati wa joto, nenda kwenye mwamba wa Arpoador. Jua likizama baharini, watu hupiga makofi.

Saa ya dhahabu na pasipoti viache hotelini. Hili halina haja ya maelezo kwa mtu wa Dar au Nairobi.

Je, wajua kwamba Wamakua walipita hapa?

Mwaka 2011 mafundi waliokuwa wakifukua eneo la bandari ya Rio kwa ajili ya michezo ya Olimpiki walikuta mawe ya gati la Valongo. Kwa miongo miwili kuanzia 1811 hapo ndipo Waafrika waliotekwa walipokuwa wakishushwa, na UNESCO, iliyoliingiza gati hilo katika urithi wa dunia mwaka 2017, inakadiria kwamba waliofika Amerika ya Kusini kupitia hapo ni kama laki tisa. Wengi walitoka Angola na Kongo, lakini katika karne ya 19 wafanyabiashara walizidi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi Kisiwa cha Msumbiji na Quelimane. Miongoni mwa waliochukuliwa huko walikuwa Wamakua, watu ambao leo wako pia Masasi na Mtwara. Hatua chache kutoka gatini, mwaka 1996, familia moja ilikuwa ikikarabati nyumba yake ikakuta mifupa chini ya sakafu: ni makaburi ya wale waliokufa kabla hawajauzwa. Sasa ni jumba la kumbukumbu. Brazil ilipiga marufuku utumwa tarehe 13 Mei 1888, ya mwisho katika Amerika yote. Watalii wengi hawafiki Valongo. Mimi ningelitanguliza kabla ya kupanda kwa Yesu.

Je, wajua kwamba aliyefika Bahia alikuja kulala Kilwa na Malindi?

Kutoka Rio, ndege ya saa mbili hivi inakufikisha Salvador, katika jimbo la Bahia. Pedro Álvares Cabral aliondoka Lisbon Machi 1500 na merikebu 13 akielekea India, na tarehe 22 Aprili akaiona nchi kavu kusini mwa Bahia ya leo. Alikaa siku kama kumi, akarudisha merikebu moja na habari, akavuka bahari. Karibu na Rasi ya Tumaini Jema dhoruba ikazamisha nne. Nyingi kati ya zilizobaki zilifika Kilwa Julai na Malindi Agosti, mwaka ule ule.

Wareno wale walituachia maneno, na ndiyo maana Mswahili anayeingia mkahawa wa Salvador hana ugeni sana. Meza ni mesa, mvinyo ni vinho, kasha ni caixa, bendera ni bandeira, foronya ya mto hotelini ni fronha, leso ni lenço. La kuchunga ni igreja, yaani kanisa. Kwetu neno hilo lilihamia ngomeni, kisha likawa gereza. Watu wa Salvador hupenda kusema mji wao una makanisa 365, moja kwa kila siku ya mwaka, na wewe utakuwa unasikia magereza. Na mezani usiombe papai. Tunda hilo huitwa mamão. Papai kwao ni neno la mtoto kumwita baba yake.

Maneno mengine yalikwenda kutoka upande wetu wa dunia, kwa vinywa vya watumwa wa Angola waliosema Kibantu. Kitinda mimba ni caçula. Unga wa mahindi ni fubá. Quitanda si cha kulalia. Ni duka la mboga na matunda.

Je, wajua kwamba korosho ilizaliwa huko?

Mkorosho ni mti wa kaskazini mashariki mwa Brazil, na Wareno ndio walioueneza hadi pwani yetu. Muhogo vilevile ni wa Amerika ya Kusini, na nanasi, na karanga. Lakini kule linaloheshimiwa ni bibo: tunda lenyewe hukamuliwa juisi, kali kidogo kooni, inayouzwa kila mgahawa. Mtu wa Newala au Kilifi ataonja na kucheka.

Mchikichi ulikwenda njia ya pili, kutoka Afrika Magharibi. Mawese, kwa jina la dendê, ndiyo harufu ya Salvador. Katika kona za mitaa wamekaa akina mama waliovaa sketi pana nyeupe na kilemba, wakikaanga acarajé kwenye mafuta hayo mekundu: ni kunde zilizolowekwa, zikamenywa na kusagwa. Ndiyo, ni bajia, ila kubwa kama ngumi, iliyopasuliwa na kujazwa kamba wakavu. Akikuuliza kama unataka ya moto au ya baridi, haulizi joto. Ya moto ni yenye pilipili. Kuna moqueca pia, samaki kwa tui la nazi na mawese, ambaye huliwa na pirão, unga wa muhogo uliosongwa laini kwa supu ya samaki. Mwenye bajeti ndogo asiogope: chakula cha kila siku cha Mbrazili, tajiri na maskini, ni wali na maharage. Migahawa mingi ya mchana inapima sahani yako kwenye mizani na unalipa kwa kilo.

Je, wajua kwamba fulana ya karnivali ina historia ya Ramadhani?

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Januari 1835, mwishoni mwa Ramadhani, Waafrika Waislamu wa Salvador, walioitwa Malê, waliasi dhidi ya utumwa. Walishindwa kabla ya jua kupanda vizuri. Polisi waliwakamata na hirizi na karatasi zilizoandikwa Kiarabu, na baadhi ya karatasi hizo zimehifadhiwa hadi leo. Vazi lao jeupe liliitwa abadá. Siku hizi abadá ni ile fulana anayonunua mtu ili aruhusiwe ndani ya kamba ya kundi lake la karnivali.

Weupe nao umebaki. Siku ya Ijumaa utaona watu wengi wa Salvador wamevaa nyeupe, kwa heshima ya Oxalá, mmoja wa orisha, yaani miungu wa Candomblé, dini ambayo mizizi yake ilivuka bahari pamoja na watumwa. Mwenye kanzu yake asisite.

Je, wajua kwamba Salvador ina ghorofa mbili?

Mji wa juu na mji wa chini imeunganishwa na lifti ya umma, Elevador Lacerda, yenye urefu wa mita 72. Ilifunguliwa mwaka 1873, mwaka uleule soko la watumwa la Unguja lilipofungwa. Juu ni Pelourinho, mtaa wa mawe na nyumba za rangi, uliopewa jina la nguzo ya kuchapia watumwa viboko. Utepe wa rangi utakaofungwa mkononi kwa mafundo matatu na maombi matatu kwa asili ulikuwa wa sentimita 47, urefu wa mkono wa sanamu ya Yesu iitwayo Bwana wa Bonfim. Wauzaji wa utepe huo ni wasumbufu kupita kiasi. Funga mmoja, wengine wataona tayari unao.

Kwa kuogelea, Porto da Barra haina mshindani ndani ya mji. Ufukwe wenyewe ni mdogo, maji yake yametulia, na kwa kuwa unatazama ghuba, jua huzama baharini mbele yako, jambo adimu kwenye pwani inayotazama mashariki. Mwenye siku mbili za ziada apande boti ya mwendo kasi kwenda kijiji cha Morro de São Paulo, safari ya saa mbili na nusu hivi. Mitaani humo magari hayaruhusiwi. Mizigo ya wageni hupandishwa mlimani kwa toroli zilizoandikwa "taxi". Aliyepokewa na punda Lamu ataona ni ndugu mmoja.

Je, wajua kwamba baridi ipo?

Julai São Paulo inataka sweta, kama Lushoto. Salvador mvua zake kubwa ni Aprili hadi Julai. Rio Januari ni joto kali na ngurumo za jioni. Septemba hadi Novemba ndiyo miezi ninayoipendekeza, bei zikiwa bado hazijapanda. Wiki ya karnivali iache kwa wanaoitaka karnivali.

Mengine ni madogo ila yanauma. Umeme wa miji hii mitatu kwa kawaida ni volti 127, wakati Recife na Brasília ni 220, na soketi ni ileile. Chaja ya simu itavumilia, pasi yako haitapata joto. Malipo ya simu yapo kila mahali kupitia Pix, mfumo wa benki kuu ulioanza Novemba 2020, hata muuza madafu anao. Lakini unataka akaunti na namba ya kodi ya huko, hivyo mzoefu wa M-Pesa atabaki kutazama tu. Beba kadi, na noti ndogo za reais.

Habari za viza ziulize kwenye ubalozi wa Brazil, Dar es Salaam au Nairobi, mapema. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe siku kumi kabla ya safari, na sindano moja inahesabika kwa maisha yote. Ile kadi ya njano usiitupe kabatini ukishafika Brazil. Utaulizwa ukirudi.